Jiko na Baraza: Maswali ya Wasomaji Wakati wa Vuli

Kusi imelegea, mawingu yanarundikana upande wa Usambara, na vuli i mlangoni. Barua za safari hii zimejaa mambo mawili. La kwanza ni nyama ya porini, maana msimu wa uwindaji wa leseni uko wazi tangu Julai. La pili ni kazi za mikono za kufanyia barazani mvua inaponyesha. Maswali yaliyofanana tumeyaunganisha.

Assalaam alaykum. Shemeji yangu aliniletea kilo tatu za nyama ya nyati kutoka bucha la nyamapori huko Dar es Salaam, imegandishwa. Kilo ya kwanza niliichemsha saa tatu kwa moto wa kutosha, ikatoka kama soli ya kiatu na ina harufu ya zizini. Nifanyeje na hizi mbili zilizobaki? – Mama wa Makorora

Waalaykum salaam, mama. Saa tatu zinatosha kabisa. Kilichokuponza ni huo "moto wa kutosha", na pengine kipande chenyewe.

Nyati anatembea kutwa. Nyuzi za nyama yake ni nene na mafuta yaliyopenya ndani ni machache mno. Sehemu zinazofanya kazi nyingi, yaani muundi, shingo na bega, zimejaa mishipa myeupe. Mishipa hiyo hulainika na kuwa utelezi ikikaa muda mrefu kwenye maji yaliyokaribia kuchemka. Maji yakitokota kwa fujo, nyuzi hujikaza na kujikamua kabla mishipa haijalegea, ndipo unapata nyama inayochambuka kama makumbi na bado haitafuniki. Sarara na paja ni hadithi nyingine. Mishipa haimo, kwa hiyo hakuna cha kulainika, na kila dakika ya ziada huzidi kuzikausha. Hizo zikate nyembamba na kuzikaanga haraka mpaka wekundu wote wa ndani uishe, au uzisage za kababu. Ukisaga, changanya gramu 150 za mafuta ya ng'ombe kwa kilo, la sivyo kababu zitapasuka na kumung'unyika kikaangoni.

Sasa hizo kilo mbili. Ziyeyushe ndani ya friji kutwa kucha, kwenye bakuli. Usiziache mezani, maana nje huanza kuharibika wakati katikati bado ni barafu. Zikishalegea, kaa na kisu kikali na uwe na subira. Ondoa mafuta yote na utando wote wa fedha-fedha unaofunika minofu. Harufu ya mwitu imejificha humo, na mafuta ya mnyama wa porini yakipoa huganda kaakaani kama mshumaa. Watu humwaga ndimu tatu wakidhani wanaua harufu, kumbe wameacha mafuta palepale. Kata vipande vya ukubwa wa kiberiti, ukikatiza nyuzi badala ya kuzifuata.

Loweka usiku mmoja frijini kwenye maji ya chumvi: kila lita moja ya maji, vijiko viwili vya chakula vya chumvi ya unga, vilivyosawazishwa. Asubuhi mwaga, suuza, futa. Kama kipande ni kigumu hasa, paka papai bichi lililokunwa, kijiko kimoja cha chakula kwa kilo, uache saa moja tu. Papai likilala na nyama, juu huwa tope kama ini lililooza na ndani kunabaki kugumu vilevile, kwa kuwa utomvu wake haupenyi mbali.

Kwa kilo moja, tayarisha nazi mbili. Kamua kikombe kimoja cha tui zito uliweke kando, kisha ukamue vikombe vitatu vya tui jepesi. Kaanga vitunguu maji viwili mpaka vibadilike rangi, tia tangawizi iliyotwangwa kijiko kimoja cha chakula, kitunguu saumu punje sita, bizari nzima kijiko kimoja cha chai, pilipili manga nusu yake na kijiti cha mdalasini. Nyama iingie hapo, igeuzwe mpaka iache wekundu, ndipo nyanya nne na tui jepesi. Likianza kuchemka tu, punguza makaa mpaka ubaki na safu moja iliyoanza kuvaa jivu, ufunike. Unachotaka kuona ukifunua ni kipovu kimoja kimoja kikipanda pembeni, basi. Kwa muundi hesabu saa mbili na nusu hadi tatu na nusu, kwa sufuria ya presha dakika 45 mpaka saa moja. Uma ukiingia na kutoka bila nyama kuufuata, tia tui zito na chumvi, ukoroge kwa kuchota na kumimina bila kuacha mpaka lichemke, dakika kumi. Ukiliacha peke yake litakatika, mafuta upande wake na maji upande wake. Ndimu ikamuliwe baada ya kuepua, kwa sababu uchachu na tui linalochemka havipatani.

Risiti ya bucha usiitupe mpaka nyama iishe. Jibu linalofuata litakueleza kwa nini.

Kuna kijana hupita usiku na pikipiki akiuza nyama anayosema ni ya swala, bei karibu nusu ya ng'ombe. Nitaitambuaje kama ni swala kweli? – Msomaji, Maramba

Hutaitambua. Nyama iliyochunwa na kukatwa vipande haina sura, na anayeuza gizani anajua hivyo. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inamhusu hata anayekutwa nayo bila kibali, kwa hiyo kesi itaingia mpaka jikoni kwako. Kanuni za mwaka 2020 zimeruhusu mabucha ya nyamapori yaliyosajiliwa, na huko unapata risiti.

Kibaya zaidi ni kimeta. Mnyama aliyeokotwa amekufa hauzwi na mtu akisema ameokotwa, na vijidudu vya kimeta hujigeuza mbegu ngumu ambazo kuchemsha kwa kawaida hakuziui. Mkato wa kidole wakati wa kuikata nyama hiyo unatosha kuleta ugonjwa.

Nataka kutengeneza zulia la mlangoni la katani, la duara refu, sentimita 60 kwa 40. Nimejaribu mara mbili. La kwanza lilijikunja kama bakuli, la pili likafanya mawimbi pembeni. Singa ninazo nyingi, jirani anafanya kazi shambani. – Kijana wa Pongwe

Uko kwenye nchi yake. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, na hiyo ndiyo iliyoanzisha mashamba haya ya Tanga. Singa unazo, basi tufanye hesabu.

Ukisuka msuko wa mapande matatu wenye upana wa sentimita 2, andaa kama mita 12 za msuko. Hesabu yake ni eneo la mstatili, 60 kwa 40, yaani 2,400, gawanya kwa 2, upate sentimita 1,200; duara refu lina eneo dogo kidogo kuliko hilo, kwa hiyo kinachobaki ni akiba. Uzito ni kama kilo moja na robo ya singa kavu. Pima kabla hujaanza, maana katani ya fungu jingine hata isipotiwa rangi huwa na weupe tofauti, na kiungo kitaonekana.

Chana singa kwa kitana chenye meno mapana, au kwa misumari iliyogongelewa ubaoni, mpaka vumbi na vipande vifupi vidondoke. Fanya nje na ufunge pua, vumbi lake linawasha. Kisha zirashie maji na kuzifunga ndani ya gunia nusu saa. Zinatakiwa ziwe na unyevu tu. Singa kavu hukatika kwenye mkunjo. Zilizolowa chepechepe huvimba, ukazisuka zikiwa nene, na zikikauka zinasinyaa na msuko wako unalegea wenyewe. Huenda hilo nalo lilikuwa sehemu ya matatizo ya zulia la pili.

Kila pande liwe na unene wa kidole chembamba. Singa zina urefu wa mita moja hivi, kwa hiyo utaongeza mara nyingi. Ongeza kidogo kidogo, singa kumi na tano au ishirini, na usiongeze pande mbili mahali pamoja, utapata nundu. Vichwa vya singa mpya vifichwe chini, upande utakaokaa sakafuni, uvikate kwa mkasi mwishoni. Funga ncha ya kuanzia kwenye nguzo ya baraza na uvute kwa mkazo uleule mwanzo hadi mwisho. Ukichoka pumzika, maana msuko wa mtu aliyechoka unajulikana.

Kushona ndiko kulikokuangusha. Kwa umbo la duara refu, kipande cha kati kinachoanza kikiwa kimenyooka kina urefu sawa na urefu wa zulia ukitoa upana wake. Hapo ni 60 kutoa 40, sentimita 20. Ukianza na 10 utapata karibu duara, na ukianza na 30 utapata ulimi. Kunja msuko kwenye alama ya 20, uulaze ubavu kwa ubavu, ushone kwa uzi wa katani na shazia, ukipitisha sindano katikati ya mapande badala ya kuyatoboa. Mshono mmoja kila sentimita 2.

Kwenye pande zilizonyooka, msuko wa nje uende sawa na wa ndani. Kwenye kona, msuko wa nje una safari ndefu kuliko wa ndani, kwa hiyo usukumie kidogo ndani ya kona, kama unayemlazimisha mtu akae kwenye benchi lililojaa. Ukiuvuta, zulia linanyanyuka kingo na kuwa bakuli. Ukiendelea kusukumia hata kwenye sehemu iliyonyooka, unapata mawimbi. Shonea mezani au sakafuni, zulia likiwa limelala. Anayeshonea mapajani hupata bakuli kila mara, kwa kuwa paja lenyewe ni la mviringo na zulia hufuata umbo lake. Ukiona limeanza kunyanyuka, fumua mizunguko miwili. Kulikanyaga au kuliwekea mawe hakusaidii.

Likiisha, lirashie maji, lifunike kwa ubao na tofali nne usiku mmoja, lianikwe kivulini likiwa wima.

Neno moja la kukuudhi: katani haipendi kulowa mara kwa mara. Kama mlango wako hauna upenu na mvua ya vuli inapiga hapo, suka zulia hilohilo kwa kamba za makumbi ya nazi. Ni kali mkononi na si nzuri sana machoni, lakini makumbi yanavumilia maji miaka ambayo katani itakuwa imeoza.

Bwana wangu huleta pweza kila bamvua. Wengine wanasema apigwe mara mia, wengine achemshwe na chupa ya soda, wengine papai. Kipi ni kweli? – Mke wa mvuvi, Tongoni

Kupiga kunasaidia, na papai pia. Soda ya chupa ni utamu tu. Lakini kama una barafu au friji ya kugandisha, mgandishe siku mbili kisha umwache ayeyuke. Barafu inapojijenga ndani ya nyama huchana nyuzi, kazi ileile ya kumpiga jiweni, na mkono wako umepumzika.

Jikoni, mtoe wino, matumbo na mdomo, umsugue kwa chumvi ya mawe kuondoa utelezi, kisha umsuuze mpaka chumvi yote itoke. Mtie sufuria tupu, bila maji, bila chumvi, moto mdogo, ufunike. Baada ya dakika kumi utakuta ameogelea kwenye maji yake mwenyewe ya rangi ya zambarau. Anayetia maji hapa anapata supu nyepesi isiyo na jina. Anayetia chumvi mapema anaharibu zaidi, kwa kuwa maji ya pweza tayari yana chumvi ya bahari, na yakipungua yatakuwa machungu. Pweza wa kilo moja na nusu anataka dakika 50 hadi 70. Choma kwa njiti pale mkono unapoungana na kichwa, ndipo panapochelewa kuiva. Usisahau kwamba hupungua kama nusu ya uzito, kwa hiyo wageni sita wanataka pweza wa kilo mbili akiwa mbichi.

Na umkumbushe bwana: aliye chini ya nusu kilo arudi majini, kanuni za uvuvi hazimruhusu kuvuliwa.

Binti yangu anasoma Ujerumani. Anasema sasa majani yanapukutika, baridi imeingia, na madukani kumejaa maboga na nyama za porini za msimu wao wa uwindaji. Anataka apike kama nyumbani na aniulize mimi, na mimi sijui nyama hizo. Nimwambie nini? – Mama wa Raskazone

Kwanza, mama, asome kibandiko. *Reh* na *Hirsch* ni wanyama wa mwitu wanaofanana na paa na kulungu wetu. *Wildschwein* ni nguruwe wa mwitu, na huuzwa kwenye jokofu lilelile, mara nyingine tayari amekatwa vipande vya mchuzi ambavyo kwa macho huwezi kuvitofautisha. Kuhusu namna mnyama alivyowindwa, amuulize sheikh wa msikiti wa huko.

*Reh* ni laini kuliko nyati, kwa hiyo asipake papai kabisa. Mapishi mengi ya huko huloweka nyama kwenye divai. Yeye atumie mtindi: vikombe viwili kwa kilo, saa 12 frijini, kisha aufute wote kabla ya kukaanga, kwa kuwa mtindi uliobaki huungua na kufanya madoa meusi. Nyama ya bega inataka saa moja na nusu hadi mbili kwa moto mdogo. Apapase kila kipande kwa vidole kabla ya kupika. Pale risasi ilipopita nyama huwa nyeusi yenye damu iliyovilia, na vipande vidogo vya risasi husambaa mbali na tundu. Akate pale bila huruma, eneo pana kila upande.

Tui la kopo la mililita 400 ni zito. Nusu kopo achanganye na vikombe viwili vya maji, hilo ndilo tui jepesi lake, nusu nyingine ndilo tui zito. Mengi ya makopo hayo yametiwa kitu cha kuyashikanisha, kwa hiyo hayakatiki upesi kama ya kukamua, lakini pia hayana ile harufu. Punje mbili za iliki na majani ya kotmiri mwishoni humsogeza karibu kidogo.

Boga dogo jekundu wanaloliita Hokkaido analiweza. Ganda lake huiva na kulika, asihangaike kumenya. Tofauti ni maji. Boga letu ukilibandika linatoa maji lenyewe, hilo la kwao ni kavu kama kiazi kitamu. Kwa gramu 800 atie nusu kikombe cha maji, chumvi robo kijiko cha chai, iliki tatu zilizopondwa na sukari vijiko viwili vya chakula. Aliivishe nusu kwanza, dakika kumi, ndipo atie tui kikombe kimoja na aache wazi mpaka lishikane. Asilikoroge na mwiko, atikise sufuria. Boga hilo likishaiva huvurugika kwa mguso, na futari itageuka uji wa mtoto.

Mkeka wangu wa ukindu uliotiwa rangi umepata kuvu tangu mvua za mwaka jana. Nikiufua rangi inachuruzika. – Msomaji, Chumbageni

Usiufue. Uutoe nje siku kavu, uupige brashi ukavu mpaka vumbi la kuvu liondoke (likilowa kabla ya hapo linazama kwenye chane). Changanya siki na maji sawa kwa sawa, chovya kitambaa, ukikamue mpaka kisidondoke, ufute ukifuata ukili. Jaribu kwanza pembeni kwenye rangi nyekundu, ndiyo inayochuruzika kuliko zote. Anika asubuhi moja pande zote mbili, kisha uurudishe ndani, maana jua la kutwa hukausha ukindu ukawa unakatika kwenye mikunjo. Dawa za klorini ziache. Huacha mabaka meupe na kudhoofisha chane.

Mvua zikianza, ukunje kwa kuuviringisha, uufunge ndani ya kanga kuukuu na uusimamishe mbali na ukuta. Mfuko wa nailoni ndio unaofuga kuvu.

Mbuzi yangu ya nazi inatoa vipande vikubwa na vifuu vinakunwa pamoja na nazi. Ninunue mpya? – Msomaji, Ngamiani

Bado. Meno yamekuwa butu na ya mviringo, ndiyo maana unakandamiza, na ukikandamiza unafika kwenye kifuu. Tafuta tupa ndogo ya pembetatu, uingize kati ya jino na jino, usukume mara tano au sita kwa mwelekeo mmoja, idadi sawa kwa kila pengo. Kisha geuza ulimi wa mbuzi, upitishe tupa bapa mara mbili upande wa chini kuondoa vinyuzi vya chuma. Usinoe upande wa juu. Osha, futa, paka mafuta ya nazi kidogo. Kuna nazi ya kwanza utakayokuna ambayo itatoka na kijivu cha chuma, hiyo wape kuku.